Tangu Lini? Namna ya Kusoma Jeraha la Seli na Mchochota

Wanafunzi wengi wa udaktari huanza somo la patholojia kwa kukariri. Hukariri aina za nekrosisi, yaani kifo cha seli kinachotokana na jeraha, dalili za mchochota, yaani inflamesheni, mwitikio wa mwili kwa jeraha, pamoja na orodha ndefu ya saitokini, protini ambazo seli hutumia kupeana habari, na kazi zake. Hufanya mtihani na kufaulu. Kisha wakisimama wodini mbele ya mgonjwa mwenye jipu la ini au mshtuko wa moyo, hawaoni uhusiano wowote kati ya mgonjwa huyo na zile orodha. Siwalaumu, kwa kuwa ndivyo vitabu vyenyewe vilivyopangwa: sura moja ya jeraha la seli, inayofuata ya mchochota, nyingine ya kupona kwa tishu, kana kwamba mambo hayo matatu hutokea katika miili mitatu tofauti. Mimi ninayekaa na wanafunzi mbele ya hadubini ninaamini kwamba hiyo ni historia moja, na kwamba swali linaloifungua ni lile ambalo daktari yeyote humuuliza mgonjwa kabla hajamgusa: tangu lini?

Nitaanza na moyo, ingawa katika hospitali zetu maambukizi bado yanachukua nafasi kubwa wodini, kwa sababu ni viungo vichache sana ambavyo saa zake baada ya kukosa damu zimechunguzwa kwa makini kiasi hicho. Kabla ya hapo inatosha kukumbuka jambo moja la msingi. Mwaka 1858 Rudolf Virchow, akiwa Berlin, alichapisha mihadhara yake kuhusu patholojia ya seli, akashikilia kwamba kila seli hutokana na seli nyingine na kwamba ugonjwa hauna budi kutafutwa ndani ya seli zenyewe. Tangu wakati huo swali letu limekuwa lilelile: seli hii imepatwa na nini, imestahimili kwa kiasi gani, na jirani zake wamefanya nini baada ya kushindwa kwake?

Chukua ateri ya moyo iliyozibwa ghafla na bonge la damu. Misuli inayotegemea ateri hiyo inakosa oksijeni, inakosa chakula, na taka zake hazina pa kwenda. Katika muda wa dakika moja au mbili hivi, misuli hiyo huacha kusinyaa. Hapo haijafa, imesimamisha kazi tu kwa kuwa nishati haitoshi. Kufikia dakika ya 10, akiba ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, imeshuka hadi karibu nusu, na kufikia dakika ya 40 imebaki takribani sehemu moja ya kumi. Mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, zikikosa oksijeni, seli hugeukia njia ya kuvunja glukosi bila oksijeni, asidi ya laktiki hurundikana, na uchachu ndani ya seli huongezeka. Pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo hula sehemu kubwa ya nishati ya seli, huanza kulegea; sodiamu huingia, maji huifuata, na seli huvimba. Ribosomu hubanduka kutoka kwenye utando uliozishikilia, na utengenezaji wa protini hupungua.

Mambo yote niliyoyataja hadi hapo yanaweza kurejea hali ya kawaida damu ikirudi. Hii ndiyo maana ya jeraha linalorekebishika, na mwanafunzi anayeielewa vizuri hatalichukulia kuwa ni hatua ndogo isiyo na uzito. Mtoto mwenye kwashiorkor ana ini lililojaa mafuta kiasi cha kuonekana la manjano na zito, kwa sababu pamoja na mambo mengine, ini lake halina protini za kutosha za kuyasafirisha mafuta hayo kwenda kwenye damu. Ukiliona ini hilo chini ya hadubini bila kujua habari zake, unaweza kudhani kwamba halina tumaini tena: kila seli ina uwazi mkubwa mweupe na kiini kimesukumwa pembeni. Lakini seli hizo ziko hai. Mtoto akilishwa kwa utaratibu unaofaa na akapona, mafuta huondoka na ini hurudi kuwa ini. Nashikilia mfano huu kila ninapofundisha, kwa sababu unaonyesha kwamba ubaya wa sura ya seli na kufa kwa seli ni mambo mawili.

Turudi kwenye moyo. Kati ya dakika ya 20 na ya 40, seli zilizo katika eneo lililokosa damu kabisa huanza kuvuka mpaka. Mpaka huo haukuchorwa mahali popote, na hakuna kipimo kimoja cha kusema kwamba seli hii imeuvuka sekunde hii. Tunachojua ni mambo mawili yanayoutambulisha. La kwanza ni mitokondria kushindwa kurudi kazini hata oksijeni ikirejeshwa. La pili ni utando wa seli kupasuka. Utando ukiachia, kalsiamu ambayo kwa kawaida huzuiwa nje huingia kwa wingi na kuwasha vimeng'enya vinavyokula protini, mafuta ya utando na DNA. Wakati huohuo vilivyomo ndani hutoka nje. Hapo ndipo maabara inapomkuta mgonjwa: troponini, ambayo makazi yake ni ndani ya seli za misuli ya moyo, huanza kupanda katika damu ndani ya saa chache. Kwa mantiki hiyohiyo tunapima ALT na AST, vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli za ini, kwa mgonjwa wa ini. Daktari anayesoma jibu la troponini anasoma habari za utando uliopasuka.

Muda huo haufanani kwa seli zote. Neva za ubongo hazivumilii kukosa damu zaidi ya dakika tatu hadi tano hivi, ilhali misuli ya mguu inaweza kustahimili saa mbili au tatu. Ndani ya moyo wenyewe kifo huanzia upande wa ndani wa ukuta na kusogea kuelekea nje kwa muda wa saa kadhaa. Ndiyo sababu kuwahi kuizibua ateri katika saa za kwanza huokoa sehemu kubwa ya misuli, na kila saa inayopita hupunguza kinachoweza kuokolewa. Damu inayorudi nayo huja na madhara yake, kwa kuwa oksijeni ikiingia ghafla huzaa chembe zenye ukali wa kuunguza utando, na kalsiamu huongezeka. Hata hivyo madhara hayo hayajawahi kuwa sababu ya kumnyima mgonjwa damu.

Sasa linakuja jambo ambalo wanafunzi wengi hulishangaa. Seli zilizokufa katika nusu saa ya kwanza hazionekani kuwa zimekufa kwa hadubini ya kawaida hadi zipite saa 4 hadi 12. Mtu aliyeanguka na kufariki saa moja baada ya ateri kuziba anaweza kuwa na moyo ambao, ukikatwa na kutiwa rangi, hauna dalili yoyote ya kifo cha tishu. Sababu ni kwamba tunachokiona kwenye slaidi ni matokeo ya kazi ya vimeng'enya baada ya kifo cha seli, na kazi hiyo inahitaji muda. Katika uchunguzi wa maiti ipo njia ya kuwahi kidogo: kipande cha moyo hutumbukizwa katika myeyusho wa tetrazoliamu, ambao hubadilika kuwa mwekundu unapokutana na vimeng'enya vya seli iliyo salama. Ikiwa zimepita saa mbili au tatu tangu ateri izibe, misuli iliyosalimika huwa nyekundu na iliyokufa hubaki imepauka, kwa sababu vimeng'enya vyake vimeshavuja. Ni jambo la kuliona kwa macho mara moja tu, na halisahauliki.

Saa zikitosha, picha ya nekrosisi hujitokeza. Seli huwa nyekundu zaidi chini ya rangi ya eosini kwa sababu protini zake zimeharibika na RNA imepungua. Kiini hunywea na kuwa cheusi, au huvunjika vipandevipande, au hufifia hadi kutoweka. Mwishoni unaona seli yenye umbo lake kamili lakini isiyo na kiini. Umbo hilo linalosalia ndilo linaloitambulisha nekrosisi ya kuganda, inayopatikana katika moyo, figo na bandama damu inapokatika. Kwa wagonjwa wa selimundu, bandama hupatwa na vifo vidogovidogo vya namna hii tena na tena tangu utotoni, hadi mtu mzima hubakiwa na kipande kidogo cha kovu mahali palipokuwa na kiungo kizima. Ubongo hufuata njia nyingine: tishu yake huyeyuka na kuacha uwazi wenye majimaji. Katika kongosho, vimeng'enya vya kusaga mafuta humwagika na kuyavunja mafuta ya jirani, na asidi zinazotoka huungana na kalsiamu kufanya madoa meupe kama chokaa. Majina mengine utayakuta kitabuni, wala hayana ugumu mtu akishajua kwamba kila jina linaeleza ama chanzo cha kifo, ama mahali, ama mkono uliokuja kusafisha.

Siku moja mwanafunzi alikuwa akitazama kipande cha tishu kutoka hospitali ya mbali, akaniuliza, "Dokta, seli hizi si zimekufa zote?" Viini vilikuwa vimefifia kweli, na seli zimebanduka mahali pake. Nikamwomba anitafutie seli moja tu nyeupe ya damu iliyokuja kushughulika na kifo hicho. Alizungusha slaidi nzima, hakuipata. Tishu ile haikufa ndani ya mgonjwa. Iliharibika ndani ya chupa, kwa sababu ilikaa muda mrefu kabla ya kuwekwa kwenye formalini ya asilimia 10, au formalini ilikuwa kidogo mno isiyoweza kupenya. Kiasi kinachotakiwa ni angalau mara kumi ya ujazo wa kipande chenyewe, na kipande kikubwa lazima kipasuliwe ili dawa iingie. Nimekaa kwenye jambo hili kwa makusudi, kwa sababu ndipo uhusiano kati ya jeraha la seli na mchochota unapoonekana waziwazi. Seli inaweza kujimeng'enya ndani ya maiti, na inaweza kujimeng'enya ndani ya chupa. Lakini mchochota hauwezi kutokea isipokuwa katika mwili ulio hai, wenye moyo unaosukuma damu na mishipa inayoweza kupanuka. Ukiona nekrosisi iliyozungukwa na seli nyeupe, umeona uthibitisho kwamba mtu huyo aliishi baada ya jeraha, na wingi na aina ya seli hizo zitakueleza aliishi kwa muda gani.

Celsus, aliyeandika huko Roma katika karne ya kwanza, alitaja dalili nne za mchochota: wekundu, uvimbe, joto na maumivu; baadaye ikaongezwa ya tano, kupotea kwa kazi ya sehemu husika. Hakuna daktari wa zama zake aliyeweza kuziona sababu zake, kwani ilibidi kusubiri hadubini. Mwaka 1867 Julius Cohnheim alitandaza tishu nyembamba za chura hai chini ya hadubini na kufuatilia mishipa midogo kwa saa nyingi. Aliiona ikipanuka, akaona mwendo wa damu ukipungua, na seli nyeupe zikisogea kandokando ya ukuta wa mshipa, zikishikamana nao, kisha zikipenya kutoka nje. Mwaka 1882, huko Messina katika kisiwa cha Sicilia, Ilya Metchnikoff alichoma miiba ya mwaridi katika viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yake huonekana hadi ndani, na asubuhi yake akakuta seli zimeuzunguka mwiba kutoka kila upande. Uchunguzi huo ulimfikisha kwenye dhana ya seli zinazomeza, na mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Ninapenda wanafunzi wajue majaribio haya mawili kabla ya kujifunza jina la molekuli yoyote, kwa sababu yaliyofuata ni ufafanuzi wa kile ambacho Cohnheim alikiona kwa macho yake.

Ufafanuzi wenyewe ni huu. Tishu ikijeruhiwa, seli za ulinzi zilizokaa humo, hasa makrofaji, yaani seli kubwa zinazomeza, na seli za masti, hutambua ama sehemu za vijidudu, ama vitu vilivyomwagika kutoka kwenye seli zilizopasuka. Seli za masti huachia histamini, na mishipa midogo hupanuka. Huo ndio wekundu na joto. Kuta za vena ndogo kabisa hufunguka kidogo, na majimaji yenye protini nyingi huvuja. Huo ndio uvimbe. Majimaji haya ni tofauti na yale yanayotoka kwa sababu ya shinikizo tu, kama kwa mgonjwa ambaye moyo umeshindwa kazi. Tofauti hiyo hupimwa kila siku wodini: maji ya kifuani yenye protini inayozidi nusu ya protini ya damu yametokana na mishipa inayovuja, kwa mujibu wa vigezo vilivyotolewa na Richard Light na wenzake mwaka 1972, na katika mazingira yetu majimaji hayo humfanya daktari afikirie kifua kikuu mapema.

Damu ikipoteza maji huwa nzito na mwendo wake hupungua, hivyo seli nyeupe husukumwa pembeni. Molekuli zinazoitwa selektini hujitokeza kwenye ukuta wa mshipa na kuzishika kwa ulegevu, zikaenda zikiviringika. Integrini huzishika kwa nguvu na kuzisimamisha. Kisha hujipenyeza kati ya seli za ukuta, zikifuata harufu ya kemikali kama C5a, leukotriene B4, IL-8 na mabaki ya bakteria wenyewe. Kuna watoto wachache wanaozaliwa na kasoro ya integrini: damu yao ina nutrofili (seli nyeupe zinazotangulia kufika kwenye jeraha) nyingi kupita kiasi, lakini vidonda vyao vimejaa bakteria na havina usaha, kwa kuwa askari wameshindwa kutoka barabarani. Zikifika, nutrofili humeza bakteria waliopakwa kingamwili au protini ya damu iitwayo C3b na kuwaua kwa chembe kali za oksijeni na vimeng'enya.

Kanuni ya muda inafanya kazi hapa pia. Katika saa 6 hadi 24 za kwanza nutrofili ndizo hutawala. Baada ya saa 24 hadi 48 makrofaji huanza kuzipokea zamu. Yapo maambukizi yasiyofuata ratiba hiyo: maambukizi ya Pseudomonas hushikilia nutrofili kwa siku kadhaa, homa ya matumbo hutawaliwa na makrofaji tangu mapema, na minyoo huita seli nyeupe ziitwazo eosinofili. Lakini ratiba ya kawaida inatosha kuusoma moyo wetu uliozibwa. Nutrofili hujaa siku ya kwanza hadi ya tatu. Kuanzia siku ya tatu hadi ya saba makrofaji hula misuli iliyokufa, na kwa kuwa kovu bado halijajengwa, ukuta wa moyo huwa laini kuliko wakati mwingine wowote. Ndiyo sababu mgonjwa aliyeonekana kupata nafuu anaweza kufariki ghafla siku ya tano kwa ukuta kupasuka. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "kupasuka hutokea siku ya 3 hadi ya 7" atajibu mtihani. Aliyejua ni nani anafanya kazi ndani ya ukuta siku ya tano atajua kwa nini. Baada ya hapo mishipa mipya na faibroblasti, seli zinazojenga kovu, hujaza pengo, na takribani mwezi wa pili kovu huwa limekamilika. Misuli haitarudi.

Dawa za maumivu wanazonunua watu dukani zinaingia katikati ya maelezo haya. Aspirini na diklofenaki huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, ndiyo maana hupunguza maumivu, na homa pia, kwa kuwa prostaglandini E2 ndiyo inayopandisha kipimo cha joto katika ubongo baada ya kuchochewa na saitokini IL-1, TNF na IL-6. Hiyo IL-6 huliagiza ini litengeneze CRP, protini ya damu ambayo kupanda kwake kunathibitisha kwamba mchochota upo bila kusema uko wapi.

Mchochota unaoponya ndio huo unaoharibu. Nutrofili haina namna ya kummwagia bakteria sumu bila kuigusa tishu iliyo karibu. Zikikusanyika kwa wingi mahali pamoja, huyeyusha tishu hiyo, na mchanganyiko wa nutrofili zilizokufa, vijidudu na tishu iliyoyeyuka ndio usaha. Jipu lina kituo kisicho na mishipa ya damu, kwa hiyo antibiotiki inayosafiri kwa damu haifiki humo kwa kiasi cha kutosha. Hiyo ndiyo sababu ya kipatholojia ya kauli ya madaktari wa upasuaji kwamba usaha ni sharti utolewe.

Kuna kifo cha seli kisichoita mtu yeyote, nacho kilichelewa kutambuliwa kwa sababu hiyohiyo ya ukimya wake. John Kerr, daktari kutoka Australia, alikuwa amechunguza maini ya panya baada ya kufunga matawi ya mshipa unaoleta damu ya tumbo, akaona seli mojamoja zikinywea na kukatika vipande bila mchochota wowote. Mwaka 1972, pamoja na Andrew Wyllie na Alastair Currie wa Aberdeen, alilipa tukio hilo jina la apoptosisi. Seli inayojiua kwa utaratibu huu hutumia vimeng'enya vyake, kaspesi, kujikata kutoka ndani. Utando haupasuki, bali hugeuza nje molekuli ya fosfatidilserini ambayo makrofaji huitambua kama idhini ya kumeza. Hakuna kinachomwagika, kwa hiyo hakuna anayeitwa.

Mfano mzuri kabisa wa apoptosisi kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto wenye uvimbe wa taya aliowahudumia Kampala. Ukiitazama slaidi yake kwa lenzi ndogo unaona uwanja wa seli za buluu zilizobanana, zote zikifanana, na humo makrofaji kubwa zilizopauka zimetawanyika kama nyota. Sogeza lenzi kubwa kwenye nyota mojawapo: tumbo la makrofaji limejaa vipande vidogo vya viini vyeusi. Ni seli za saratani zilizokufa. Saratani hiyo hukua kwa kasi ya ajabu, na wakati huohuo seli zake hufa kwa wingi wa ajabu, lakini nutrofili huzioni, kwa kuwa kifo chenyewe ni cha namna isiyoziita.

Hadi sasa nimezungumzia saa na siku. Magonjwa mengi yanayotutesa huku kwetu ni ya miezi na miaka, na hapo seli zinazotawala ni makrofaji, pamoja na limfosaiti na seli za plazma, ambazo ni seli za kinga, huku uharibifu na ujenzi wa kovu vikienda pamoja. Mgonjwa anakuja na mitoki ya shingo; daktari anaingiza sindano nyembamba na kuvuta kitu kizito cha rangi ya maziwa kisichonuka. Kwenye slaidi unakuta makrofaji zilizorefuka na kujipanga bega kwa bega, seli kubwa zenye viini vingi vilivyokaa kama kiatu cha farasi, na katikati vumbi la waridi lisilo na umbo lolote. Hiyo ndiyo granuloma ya kifua kikuu yenye nekrosisi ya jibini. Mwili umeshindwa kumuua bakteria, ukaamua kumzungushia ukuta. Limfosaiti aina ya T huachia interferoni ya gama inayozipa makrofaji nguvu, na TNF huushikilia ukuta usibomoke, kiasi kwamba wagonjwa wa baridi yabisi wanaopewa dawa za kuzuia TNF huweza kuamshiwa kifua kikuu kilicholala.

VVU imetufundisha mengi kuhusu ukuta huo kwa gharama kubwa mno. Mgonjwa ambaye CD4 zake, aina ya limfosaiti T, zimeshuka sana hana limfosaiti za kuujenga. Tezi yake ikitazamwa, granuloma ni hafifu au hazipo, na ukitia rangi ya Ziehl-Neelsen unakuta bakteria wekundu wametapakaa kila mahali. Mapafu yake mara nyingi hayana matundu, kwa kuwa matundu huchimbwa na mchochota, na kwa sababu hiyohiyo makohozi yake yanaweza kuonekana safi huku mwili umejaa ugonjwa. Kisha anaanza dawa za kufubaza virusi, CD4 zinapanda, na wiki chache baadaye homa inarudi, tezi zinavimba na hata kutoa usaha. Ndugu zake wanaona kwamba dawa zimemdhuru, na wengine humshauri aziache. Ukweli ni kwamba uwezo wa kufanya mchochota umerejea na umewakuta bakteria pale pale walipokuwa. Dalili zilizokosekana miezi yote ile zimejitokeza kwa pamoja. Mgonjwa huyu anahitaji kuelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa, na daktari atakayemweleza ni yule aliyeelewa kwamba dalili nyingi za kifua kikuu ni kazi ya mwili wenyewe. Ndani ya fuvu, ambako hakuna nafasi ya kuvimba, jambo hili huua. Kwa hiyo kwa mwenye kifua kikuu cha utando wa ubongo, dawa za VVU hucheleweshwa kwa wiki kadhaa baada ya kuanza dawa za kifua kikuu.

Kichocho cha utumbo, ambacho kimejaa katika jamii zinazoishi kando ya Ziwa Victoria, kinaonyesha jambo hilo kwa upande mwingine. Minyoo wakubwa huishi kwa miaka ndani ya vena za utumbo, katikati kabisa ya damu iliyojaa seli za kinga, na kuta za mishipa hiyo hubaki karibu shwari kwa sababu minyoo wamejifunika wasitambulike. Ugonjwa huletwa na mayai. Yanayokosa njia ya kutoka na kinyesi hubebwa na damu hadi ini na kunasa kwenye matawi madogo ya vena, na kila yai hutoa vitu vinavyoita eosinofili, makrofaji na limfosaiti. Granuloma hujengwa kulizunguka, yai hufa, na kovu hubaki. Makovu hayo yakijumlishwa kwa miaka mingi hufuata mishipa na kuifunga kama mabomba meupe, picha ambayo mwanapatholojia Symmers aliieleza nchini Misri mwaka 1904. Damu ya tumbo hukosa njia, bandama huvimba, na mishipa ya koo la chakula hujaa hadi kupasuka. Praziquantel huua minyoo na kuzuia mayai mapya, na kwa watoto na vijana kovu linaweza kupungua kwa kiasi. Kwa mtu mzima aliyeugua miaka mingi sehemu kubwa yake hubaki.

Lakini chukua ini hilohilo na utazame seli zake zenyewe kati ya makovu. Zimepangika vizuri, viini viko mahali pake, hakuna mafuta wala nekrosisi ya maana. Ini limeharibika kwa mchochota bila seli zake kujeruhiwa. Ndiyo maana mvuvi mwenye umri wa miaka 35 anaweza kuletwa akitapika damu nyingi huku vipimo vyake vya utendaji wa ini vikiwa karibu na kawaida, na ndiyo maana, tofauti na mgonjwa wa sirosisi ya pombe au ya virusi vya homa ya ini anayetapika damu kiasi hichohicho, mvuvi huyu ana nafasi nzuri zaidi ya kunusurika iwapo daktari wa zamu atawahi kumwongezea damu na kuizuia inayotoka.